Vazi la Halloween kwa Mtu Mwenye Ulemavu: Mwongozo Kamili wa Kulitafuta na Kulitengeneza Mombasa

Kila ikikaribia tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween ambayo watu huvaa kama mizimu na wahusika wa hadithi, malalamiko huwa yaleyale. Vazi limenunuliwa, ni zuri, mtoto kalipenda. Likavaliwa, likamshinda. Joho limeingia kwenye magurudumu. Suruali imeshuka mgongoni mara tu alipoketi. Kinyago kimewaziba midomo watu ambao kiziwi alikuwa akiwasoma. Mwisho mtoto huenda kwenye sherehe ya shule, au ya hoteli kule Nyali, na nguo zake za kila siku, vazi likabaki ndani ya mfuko.

Chanzo ni kimoja. Mavazi haya hukatwa kwa mtu anayesimama, mwenye mikono miwili yenye nguvu, na tena anayekaa nchi za baridi. Wewe unamvisha mtu anayeketi mchana kutwa, uko Mombasa, na mwisho wa Oktoba joto hukaribia nyuzi 30, hewa nzito kwa unyevu. Ukianza na vazi, umepotea. Anza na mwili wa atakayelivaa.

Mfano nitakaoufuata kwa kirefu ni wa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, maana ndio unaoulizwa zaidi. Wanaotumia magongo, fimbo nyeupe au lugha ya ishara, na wenye usonji, wana sehemu yao mbele. Na kama nyumbani kwenu Halloween haikubaliki kwa sababu za dini, hatua ni hizihizi kwa siku ya mavazi shuleni, sherehe ya kuzaliwa au gwaride.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanya hivi kwanza. Anayeanza kushona huku anatafuta vifaa huishia kugundisha kwa gundi kitu ambacho hakikupaswa kugundishwa.

- Futi ya fundi cherehani, daftari na kalamu.
- Nguo ya msingi ya pamba: fulana, kanzu, dira au suruali ambayo mwenyewe anaipenda na inamtosha.
- Leso moja au mbili. Leso ina upana wa kama sm 110 na urefu wa kama sm 150, ni pamba, ni nyepesi, na rangi zake zinaonekana kwa mbali. Mtaa wa Biashara utazipata za kila namna.
- Velkro ya kushona, si ile ya kubandika. Gundi ya ile ya kubandika hulainika kwa joto la hapa na kuachia.
- Mpira wa kiunoni, zipu ndefu, na vifungo vya kubonyeza.
- Vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya, vile ambavyo ukishavuta havirudi.
- Paipu nyeupe za plastiki za kupitishia nyaya za umeme, za mm 20. Ni nyepesi, na msumeno mdogo unazikata.
- Bango kuukuu la matangazo la plastiki. Usitegemee katoni peke yake. Oktoba ni msimu wa vuli, na katoni ikinyeshewa inageuka uji.
- Vipande vya sponji na vitambaa vikuukuu vya kuzungushia vyuma vya kiti.
- Taa ndogo za betri. Mshumaa usikaribie vazi hata kidogo. Nailoni na poliesta zikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, na aliyeketi hawezi kuruka kando.

Jipe wiki tatu. Moja ya kupima na kununua, moja ya fundi, na moja ya kujaribu na kurekebisha. Hiyo ya tatu ndiyo watu huiiba, na ndiyo inayookoa vazi.

## Hatua ya 1: Muulize mwenyewe

Muulize anataka kuwa nani au kuwa nini. Kama hasemi kwa mdomo, mwekee picha tatu mbele yake utazame jicho au mkono unakwenda wapi. Usimchagulie kwa kuangalia ulemavu wake: asiye na mkono mmoja si lazima awe haramia mwenye ndoano, na mwenye kibyongo si mhusika wa vitisho. Akilitaka mwenyewe na kulicheka, sawa, mwili ni wake. Kutoka kwako ni tusi.

Hapa Pwani kuna jambo jingine, na wengi hulipita. Watoto wengi wenye kifafa, usonji au mtindio wa ubongo wamekwisha kusikia mtaani kwamba wana pepo, au kwamba mama yao alipitiwa na jini. Mtoto wa namna hiyo ukimvisha ujini, watakaocheka hawatakuwa wanacheka mchezo. Mwenye ualbino naye usimpake unga ili awe mzimu. Halloween si lazima itishe. Nahodha, simba, mfalme, dereva wa tuktuk, samaki, rubani, vyote vinaingia.

Na lile shuka jeupe la mzimu analovaa kila mtu kwenye picha za Marekani, liache. Kwa mzee wa Mji wa Kale, mtu aliyefunikwa bafta nyeupe hafanani na mzimu, anafanana na maiti ndani ya sanda. Utamharibia bibi siku yake.

Utajua umefaulu akianza kukusimulia, kwa njia yake yoyote ile, atafanya nini akiwa ndani ya vazi hilo.

## Hatua ya 2: Pima akiwa ameketi

Hatua hii ndiyo inayoshinda wengi, kwa hiyo nenda polepole. Mketishe kwenye kiti chake mwenyewe, na mto wake anaokalia, mkanda umefungwa. Kumpima akiwa amelala kitandani au akiwa amebebwa kunakupa vipimo vya mtu mwingine.

Chukua vipimo hivi:

1. Kutoka mfupa wa shingo nyuma hadi anapokalia. Ongeza sm 8 hadi 10. Mtu akiketi, mgongo hurefuka na nguo hupanda.
2. Kutoka koo hadi mapajani. Usiongeze kitu. Kitambaa kinachozidi mbele hujikusanya tumboni kama tandiko.
3. Kiuno akiwa ameketi. Mara nyingi huzidi kile cha kulala.
4. Kutoka goti hadi kifundo cha mguu, miguu ikiwa juu ya vikanyagio.
5. Mkono ukiwa umenyooshwa mbele kana kwamba anasukuma gurudumu. Shati lililopimwa mikono ikiwa chini humbana makwapani kila anaposukuma.
6. Upana wa kiti kizima, kutoka ukingo wa gurudumu hadi ukingo wa gurudumu. Viti vingi vya watu wazima vya kusukuma kwa mkono huwa kati ya sm 60 na 70, cha mtoto hupungua.
7. Upana wa mlango wa nyumbani, na wa mahali pa sherehe kama unaweza kupafika mapema. Nyumba za zamani za mjini zina milango isiyosamehe.

Hapo tena chora kiti kwenye daftari, uweke alama nyekundu mahali pasipoguswa: breki, ringi za kusukumia, yale magurudumu madogo ya mbele, kufuli za mikono ya kiti, mkanda, na kwa kiti cha umeme, betri na kile kijiti cha kuendeshea. Mchoro huu nenda nao kwa fundi.

Onyo: kama mtu huyo hana hisia miguuni au makalioni, jiandikie sasa hivi: nyuma hakuna zipu, hakuna kifungo, hakuna mfuko, hakuna mshono mnene. Kishikizo kidogo kikikaliwa saa tatu kinaweza kuanzisha kidonda cha kulalia kinachochukua miezi kupona, na mwenyewe hatahisi kinapoanza.

## Hatua ya 3: Tafuta nguo, usitafute vazi

Maduka ya Marekani yamekwisha kulielewa jambo hili. Target walianza mwaka 2019 kuuza mavazi ya Halloween yenye vifuniko vya kiti cha magurudumu, kimoja merikebu ya maharamia, kingine gari la binti mfalme. Oregon kuna shirika liitwalo Magic Wheelchair linalowatengenezea watoto mavazi ya namna hiyo bure. Picha zao zitazame kwa ajili ya kuiba wazo. Kuagiza ni habari nyingine: kifuniko kilichopimiwa kiti cha kule hakiahidi kukaa kwenye kiti cha hapa, na kukirudisha ni safari.

Nenda mitumba, Kongowea, asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Unatafuta vitu hivi:

- Pamba au kitani kila kitakachogusa ngozi. Satini na nailoni ziwe za juu tu, na ziwe kidogo.
- Nguo kubwa kwa saizi moja, au mbili kama mikono yake imekakamaa.
- Shingo pana au inayofunguka.
- Koti au kizibao chenye rangi au vifungo vya kumtambulisha mhusika. Kizibao kimoja cha dhahabu na kofia vinatosha kumfanya mtu mfalme.

Joto si suala la starehe tu. Aliyeumia uti wa mgongo huenda hatoki jasho chini ya pale alipoumia, kwa hiyo mwili wake haujipozi vizuri, na anaweza kuzidiwa na joto huku wengine wamekaa raha. Yale mavazi ya manyoya ya simba yanayofunika mwili mzima, yanayoning'inia mitumba kila Oktoba, yapite. Chukua kofia ya manyoya na mkia, mwili ubaki na fulana ya rangi ya ugoro.

Onyo la pili, la uzito zaidi: watu wengi waliozaliwa na mgongo wazi wana mzio wa lateksi, ule mpira asilia. Maputo, vinyago vya mpira, glavu za mpira na baadhi ya mipira ya kiunoni vina lateksi, na mzio huo unaweza kuziba pumzi. Kama mtoto ana mgongo wazi, kaa mbali na vitu hivyo, na uwaambie wenye sherehe wasipambe kwa maputo.

## Hatua ya 4: Kwa fundi

Tafuta fundi anayekubali kumwona mvaaji, si nguo peke yake. Kama hujawahi kuona kazi za mafundi wenye ulemavu wenyewe, fika Bombolulu, kwenye barabara ya Malindi. Warsha zile za APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, zipo tangu 1969, na wanaoshona, wanaochonga na wanaotengeneza mapambo ni watu wenye ulemavu. Mtu anayevaa akiwa ameketi hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini nyuma iwe ndefu.

Fundi wa mtaani atakuuliza: "Nyuma mbona refu hivi? Si itaonekana kasoro?" Mjibu akate tu. Kasoro itaonekana kwenye hanga, mwilini itakaa sawa.

Mwombe afanye haya:

Mgongo ufunguke. Kwa mtu asiyeweza kuinua mikono juu ya kichwa, joho au shati lipasuliwe nyuma kutoka shingoni hadi chini, pande mbili zipishane kidogo, na lifungwe kwa velkro juu mabegani tu. Unalivisha kutoka mbele, kama daktari anavyovaa gauni la upasuaji, kisha unachomeka ncha mbili kando ya mapaja. Hakuna wa kuinuliwa, na hakuna mshono wa kukalia.

Velkro igeuzwe. Upande laini uelekee mwilini, upande wenye miiba uelekee nje. Ukikosea hapa, miiba itamkwaruza shingo usiku kucha, na itaivuta nyuzi leso mpaka ichakae.

Zipu ya pembeni ya suruali, kutoka kiunoni hadi gotini, kwa mwenye mguu bandia, mwenye vyuma vya miguu au mwenye mpira wa mkojo. Choo ni lazima kifikike bila kuvua vazi zima. Watu huona haya kulisema hili kwa fundi, kisha sherehe inakatishwa saa mbili usiku.

Pindo la chini liishie juu ya vifundo vya miguu. Liwe na mpira mwepesi ili upepo usiliinue.

Usikubali sumaku badala ya vifungo kabla ya kumuuliza daktari, kama mtoto ana kichwa maji na amewekewa mrija wa kutolea maji kichwani. Baadhi ya vali za mirija hiyo hurekebishwa kwa sumaku, na sumaku ya nguoni inaweza kuichezea.

Wakati wa kumvisha, mkono au mguu dhaifu uingie kwanza, na wakati wa kuvua utoke mwisho. Ni kanuni ya wauguzi, na inapunguza nusu ya purukushani.

Utajua umefaulu mtu mmoja akiweza kumvisha bila kumnyanyua kitini, na mvaaji hasemi "bado?" hata mara moja.

## Hatua ya 5: Kiti kiwe jahazi

Sasa kwenye utamu wenyewe. Kiti kisifichwe kama aibu, kiwe ndiyo sehemu bora ya vazi. Kinaweza kuwa tuktuk, matatu yenye michoro, au hata zile pembe za ndovu za barabara ya Moi Avenue zikimpita juu. Mimi nachagua jahazi, kwa sababu umbo lake linakubaliana na kiti na kila mtu wa hapa analijua.

Kabla ya kukata kitu, jibu swali moja: anajisukuma mwenyewe au anasukumwa? Majibu mawili ni majahazi mawili tofauti.

Anayejisukuma hawekewi ubao wowote nje ya magurudumu, maana utamnyang'anya mikono. Jahazi lake lina omo mbele na tezi nyuma, ubavuni wazi. Magurudumu makubwa yawekee duara la plastiki juu ya spoki, ulichore mawimbi, ulifunge kwa vikanda vinne vya plastiki. Likizunguka, mawimbi yanakwenda. Watoto hupenda hilo kuliko tanga.

Anayesukumwa anaweza kuwa na mbavu kamili. Fanya hivi:

1. Kata bango vipande viwili vya ubavu, vya urefu wa kiti, vikipanda kidogo kuelekea omo. Ukingo wa chini uwe juu ya ardhi kwa sm 10, la sivyo kizingiti cha kwanza kitaurarua.

2. Mpelekee fundi wa viti vya magari au wa mabegi, maana cherehani ya nguo itavunja sindano. Akunje kingo ashone mfereji, kama ule wa juu wa pazia. Ndani ya mfereji pitisha paipu. Sasa una ubavu mgumu usiozidi uzito wa mkoba wa shule.

3. Funika bango kwa kitambaa cha kahawia na uchore mbao kwa kalamu ya wino mzito. Rangi ya maji usiipake moja kwa moja kwenye plastiki, itabanduka magamba ikikauka.

4. Zungushia vyuma vya kiti kitambaa kikuukuu mahali utakapofunga, kisha kaza vikanda vya plastiki juu yake. Kitambaa kinazuia kuteleza na kinalinda rangi ya kiti. Ncha za vikanda zikate na uzigeuzie nje. Ncha iliyokatwa ni kali kama wembe.

5. Kwenye kitambaa hicho shonea velkro, na ubavu wa jahazi ushikane na velkro, si na vikanda. Yaani kilichofungwa moja kwa moja ni kidogo, kinachoonekana chote kinabanduka kwa mkono. Tuktuk haikusubiri ukate kamba, na kiti hakikunjiki kikiwa na mbavu.

6. Acha nafasi ya sm 5 kati ya ubavu na gurudumu. Pitisha ngumi yako hapo. Isipopita, haitoshi.

7. Omo isizidi vidole vya miguu kwa zaidi ya sm 20. Anayesukuma anatakiwa auone ukingo wa barabara, na magurudumu madogo yanahitaji nafasi ya kugeuka.

8. Mlingoti ni paipu moja iliyofungwa sehemu mbili kwenye mhimili wa nyuma wa kiti. Uishie chini ya kimo cha mlango.

Tanga lina hadithi yake. Leso nzima inapendeza kwenye picha, lakini upepo wa bahari haujui kwamba unacheza. Ukienda ufukweni Mama Ngina jioni na leso nzima imetandazwa juu ya kiti chepesi cha mtoto, unaweza kukiona kikiinuka mbele. Ikunje leso mara mbili iwe robo, jina lake libaki linasomeka, na upande mmoja wa chini uufunge kwa fundo la kuvuta. Upepo ukizidi, vuta ncha, tanga linaanguka lenyewe.

Usitoboe chuma cha kiti. Usitundike kitu kizito nyuma, wala begi la peremende. Uzito wa nyuma ndio unaopindua kiti kwenye mteremko, na anayevuka Likoni kwa feri anaijua miteremko.

Utajua umefaulu ukifunga breki, ukatikisa kiti kwa nguvu mbele na nyuma, na hakuna kinacholia, kinachoning'inia wala kinachogusa tairi. Kisha kisukume kwa kasi ya kutembea kupita mlangoni. Kikikwaruza, punguza.

## Hatua ya 6: Uso na kichwa

Kinyago sikipendi kwa mtu yeyote mwenye ulemavu, na sababu ziko tele. Kinapunguza hewa, kinakata uoni wa pembeni, kinamnyima kiziwi nyuso za kusoma, na kwa mtoto anayetokwa na mate kinalowa ndani ya muda mfupi. Kofia, kilemba, taji au masikio kwenye kikanda cha nywele vinatosha.

Rangi za uso zijaribu kwanza: doa moja nyuma ya mkono, usubiri siku nzima. Kwa mwenye ualbino, mafuta ya kukinga jua yaingie kwanza, hata kama sherehe ni saa kumi, kisha kofia ya ukingo mpana iwe sehemu ya mhusika. Nahodha ana kofia, mkulima ana kofia, mchawi wa hadithi ana kofia.

Hina ya asili ni sawa. Piko nyeusi iliyochanganywa na dawa ya kupaka nywele, hapana. Dawa ile inaweza kuunguza ngozi mpaka ikatoa malengelenge, na asiye na hisia mahali hapo atagundua akivuliwa.

## Wasiotumia kiti

Magongo na vitembeleo. Usivifunike ncha za mpira za chini wala mahali pa kushika. Katikati zungushia leso iliyobana, au uzifanye miguu ya twiga. Hakuna kitambaa kinachoning'inia chini ya goti. Joho la mgongoni liishie kiunoni.

Mguu au mkono bandia. Pamba kwa mfuko wa kitambaa unaovaliwa kama soksi. Usibandike gundi wala kupaka rangi kwenye kiungo chenyewe, na pale kinapokutana na mwili paachwe wazi ili ngozi ipumue.

Asiyeona. Vazi lisiwe la macho ya wengine peke yake. Chagua linaloshikika na linalolia: makombe madogo ya baharini yaliyoshonwa kwenye kizibao, njuga ndogo mkononi, mkia wa katani. Mwelezee kila kipande huku akikigusa, ajue mwenyewe anafananaje. Fimbo nyeupe ibaki nyeupe. Ukiipaka nyeusi ili iwe fimbo ya mchawi, dereva wa boda hataijua.

Kiziwi. Mikono iwe huru, bila glavu za makucha, na nguo ya kifuani iwe ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake, ili ishara zionekane. Lugha ya Ishara ya Kenya hutumia uso kama inavyotumia vidole, kwa hiyo uso ubaki wazi. Na baada ya magharibi taa iwe mbele yake, isiwe nyuma.

Mwenye usonji. Vazi jipya lifue mara kadhaa lilainike, kata lebo zote, na livaliwe juu ya fulana anayoipenda. Mwonyeshe wiki mbili kabla, liache sebuleni, alizoee. Siku ya siku akikubali kofia peke yake, basi vazi ni kofia. Usimlazimishe kwa ajili ya picha.

## Hatua ya 7: Jaribio

Wiki moja kabla, mvishe vazi zima kwa saa moja, nyumbani, mchana, wakati wa joto. Katika saa hiyo ale, anywe, aende choo, apite mlango, apande na kushuka tuktuk.

Kisha mvue ukague ngozi: mgongo, makalio, makwapa, nyuma ya magoti. Alama nyekundu inayofifia haraka haina neno. Ikiwa bado ipo baada ya nusu saa, tafuta mshono uliosababisha na uuondoe. Usiseme "atazoea".

Mwangalie pia anayesukuma kiti. Kama anainama au anapinda shingo ili aone mbele, mlingoti au tanga liko mahali pabaya.

## Siku yenyewe

Jua huzama kama saa kumi na mbili, kwa hiyo taa za betri ziwashe kabla ya kutoka. Zifunge nyuma ya tezi na ubavuni, zisimwangaze machoni.

Beba mfuko mmoja wenye mkasi, vikanda vya ziada, nguo ya kubadilisha, maji ya kunywa, kitambaa cha kulowesha na kumpoza shingo, na mfuko mkubwa wa plastiki wa kufunikia kiti mvua ikija. Mvua ya vuli haibishi hodi.

Mbavu za jahazi zibebe zimebanduliwa, uzifunge mkifika. Kuna atakayetaka kukusaidia kwa kukishika kiti mlingotini akidhani ni mpini. Mwonyeshe mpini ulipo kabla hajavuta. Na watu wakitaka picha, wamwombe mwenyewe, wasikuombe wewe uliye nyuma.

Mkirudi nyumbani, bandua velkro, kata vikanda, ondoa vitambaa vyote vya kwenye vyuma. Halafu kilaze kiti ubavu na ukague ekseli za yale magurudumu madogo ya mbele. Utakuta uzi wa leso, unywele, pengine karatasi ya peremende, vimejisokota vikawa pete ngumu kati ya gurudumu na uma wake. Toa kwa mkasi wa kucha na koleo ndogo, zungusha gurudumu kwa kidole, na likisita, legeza ekseli utoe kilichobaki.